Paka Aliyeletwa kwa Gunia

Jumanne, saa kumi na dakika ishirini jioni. Saa hiyo siikumbuki kwa kichwa changu, imeandikwa. Bibi aliiandika kwa penseli kwenye kalenda ya kanisa iliyokuwa ikining'inia jikoni, pale anapoandika kila jambo la nyumba: ng'ombe kapandwa, mvua ya kwanza, kuku wa madoa kaatamia mayai tisa. Na chini ya Jumanne hiyo, kwa mwandiko wake uliolala kama mahindi baada ya upepo: Paka kaingia. Saa 10:20 jioni.

Nimeikuta karatasi hiyo wiki iliyopita, nikiwa likizo. Bibi hatupi kalenda. Mwaka ukiisha, kurasa zake huwa makava ya madaftari, na daftari langu la Sayansi la darasa la nne lilikuwa bado limevaa kurasa mbili, moja mbele na moja nyuma, maandishi yakiwa kwa ndani. Nilipolivua, harufu ya moshi wa jikoni ikanijia kana kwamba moto ulizimwa jana. Kwenye ukurasa mmoja kuna paka. Kwenye mwingine, wa mwezi uliotangulia, kuna namba iliyofutwa hadi karatasi ikataka kutoboka. Nikakaa pale pale sakafuni nikasoma, chai yangu ikapoa.

Sasa niko kidato cha tatu. Shuleni wananijua kama yule anayejibu kwa kutikisa kichwa, na sikatai. Mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua, nakimeza. Lakini kuna kipindi sikuwa naongea kabisa, na sababu yake sijawahi kumwambia mtu nje ya nyumba yetu, maana naiona ya kijinga. Naiandika hapa ili nimshukuru aliyenitoa humo. Walikuwa wawili, kwa kweli. Mmoja ana miguu minne.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunaishi Maore, mimi na Mama, kule chini kunakolimwa mpunga, ambako jua likiwaka hata kuku hutafuta kivuli cha kamba ya nguo. Siku moja Mama akafunga nguo zangu kwenye mfuko, tukapanda gari la kwenda mlimani, akanipeleka kwa Bibi, mama yake. Safari ile nilibaki nayo vipande vipande. Nilikumbuka giza la kanga kichwani kwangu. Nilikumbuka harufu ya limau, kali, karibu kabisa na pua. Nilikumbuka mkono wa Mama umenikandamiza kichwa kwenye paja lake, na sauti yake ikitokea juu ya kanga: "Usiangalie njia. Nimesema usiangalie njia!" Tulipofika, Bibi hakunipeleka sebuleni kama mgeni. Alinipeleka moja kwa moja jikoni, kile kijumba cha udongo nyuma ya nyumba, akanikalisha kwenye kigoda karibu na moto, akachota makande chunguni, akanilisha kwa mkono wake. Kesho yake nilipoamka Mama alikuwa ameshaondoka.

"Ana safari kidogo," Bibi akaniambia. "Atarudi."

Zikapita wiki tano. Kila Jumapili baada ya ibada Bibi alinishika mkono tukapanda mpaka kwenye kona ya barabara iliyo juu ya nyumba yetu. Watu wanaiita Kona ya Mtandao, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo simu ndogo kama ya Bibi, ile ya tochi, inashika. Ukisimama pale unaiona tambarare yote imelala chini, na Maore ni mabati machache yanayometameta kwenye vumbi. Bibi aliongea na Mama kwanza, akisogea pembeni na kushusha sauti. Kisha ananiletea simu. "Haya, msalimie mama yako." Mimi natikisa kichwa. Niliogopa nikifungua mdomo nitalia, na nikilia Mama atajua nimemkasirikia, na akijua nimemkasirikia hatarudi. Hesabu za kitoto hizo. Basi nikafunga mdomo kwa Mama, halafu kwa Bibi, halafu shuleni, mpaka nikasahau unavyofunguliwa.

Panya ndio walioleta paka. Bibi anahifadhi mahindi juu ya dari la jikoni, moshi uyakaushe na kuyakinga na wadudu, ila panya hawajali moshi. Walikuwa wanakimbizana juu kule kama wanafunzi waliotoka mapumziko, na vumbi la punje zilizotafunwa linamwagika kwenye chai. Mjomba Eliamini, mtoto wa Bibi anayelima Maore, alitaka kuweka sumu.

"Sumu juu ya chakula?" Bibi akamwuliza. "Nani kakufundisha hayo? Si mimi."

"Basi, Mama, nitakuletea paka Jumanne. Nakupa wiki moja. Akishindwa, Jumanne inayofuata napanda na sumu yangu na hutanizuia. Na huyo paka akiwa bado anatangatanga nje, akala panya wa sumu, atakufa naye. Mimi nimeshasema."

Ndivyo alivyokuja Jumanne hiyo na pikipiki, gunia limefungwa nyuma kwenye keria, na gunia linanguruma.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ndiye huyo?"

"Ndiye. Nimemvizia siku tatu nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Hebu tazama mikono yangu! Utadhani nimepigana na mchongoma." Akanigeukia. "Na bubu wetu, hajambo?"

"Mwache mtoto," Bibi akasema.

"Ninamsalimia tu. Haya, akikimbia usije ukanishtaki. Nawajua Wapare mimi, mtu anauza ng'ombe kufuatilia kesi ya kuku."

"Na ya paka nitaifungua. Lete gunia."

Walilibeba hadi jikoni, mlango ukafungwa. Bibi hakulifungua mara moja. Alilishika kwa mikono miwili akalizungusha polepole kuyazunguka mafiga, yale mawe matatu ya moto, mara tatu. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikishangaa, na Bibi alishazoea kujibu macho yangu, kwa kuwa mdomo haukuuliza.

"Paka habebwi uso wazi," akasema. "Akiiona njia, atairudia. Ndiyo maana anafunikwa, afike hajui alikotokea. Akifika unamleta jikoni kwanza, siyo sebuleni. Anazungushwa mafiga. Analishwa cha chunguni kwa mkono wa mwenye nyumba. Halafu siku saba ndani, mlango haufunguliwi ovyo. Ya saba anapewa jina. Baada ya hapo kwao ni hapa, hata umfukuze na fimbo haendi."

"Na aliyemleta?" Mjomba akauliza, akicheka. "Simzuii akinikumbuka."

"Aliyemleta anamsahau."

Nilikuwa na miaka tisa, nilijua kujumlisha. Kanga kichwani. Usiangalie njia. Jikoni kwanza, siyo sebuleni. Makande, kwa mkono. Mama hakuwa na safari. Mama alikuwa amenitupa, na alinitupa kwa utaratibu, kama inavyotakiwa, ili nisirudi.

Bibi akakata kamba. Kikatoka kitu cha kijivu chenye michirizi, sikio moja limechanika, kikapanda ukuta, kikaanguka, kikajichomeka nyuma ya kuni. Yakabaki macho mawili.

"Wewe ndiye utakayekaa naye," Bibi akaniambia. "Ukitoka shule, madaftari yako fanyia humu. Ila usimtazame usoni. Mpe mgongo. Kaa kama humtaki. Paka humwogopa anayemtaka sana."

Nikafanya hivyo. Jumatano nilikaa kwenye kigoda, mgongo kwa kuni, nikafanya hesabu za sehemu huku shingo inanisisimka. Hakutoka. Bibi alikuwa ameweka karai bovu lenye majivu kwenye pembe ili ajisaidie humo. Yeye akaenda kujisaidia kwenye gunia la maharage. Bibi akapiga kelele kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare, maneno ambayo hayasemwi kanisani, akayamwaga maharage uani kuyachambua, kisha akachukua maharage machache yenye harufu yake akayatia kwenye karai la majivu. "Ajue choo chake," akasema. Tangu hapo hakukosea tena. Alhamisi nilikuta vichwa vya dagaa nilivyomwachia vimeliwa, na maziwa hayajaguswa. Ijumaa, nikiwa nasoma, kitu chenye baridi kikanigusa kisigino. Pua. Sikugeuka. Sidhani kama nilipumua. Kikagusa tena, kikaondoka.

Jioni ya Ijumaa ile nilimwambia neno. Bibi alikuwa amekwenda kukama. Nikasema kwa sauti ndogo sana, nikitazama ukuta: "Umetoka Maore?" Kisha nikasema: "Mimi pia." Basi. Lakini sauti yangu niliisikia, na ilikuwa imekwaruza kama mlango wa ghala.

Jumamosi asubuhi alipanda darini mwenyewe. Tukasikia mbio, kishindo, kimya, akashuka na panya mdomoni akamla mbele yetu kwenye mafiga, akabakiza mkia. Bibi akafurahi kama aliyejaliwa mjukuu. Akachukua penseli, akaandika: Panya wa kwanza. "Eliamini na sumu yake aishie huko huko," akasema. Mchana paka akalala juu ya sweta langu. Mimi nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Ila alipoamka alikwenda kukaa mbele ya mlango. Chini ya mlango wa jikoni kuna uwazi, mwanga unapita hapo, na yeye alikaa akiutazama ule mwanga, masikio mbele, lile zima na lile lililochanika. Alikaa hivyo muda mrefu. Nikajua anatafuta njia. Nilijua kwa sababu mimi nilikuwa nikikaa hivyo hivyo dirishani kila jioni, na hakuna aliyeniuliza.

Jumapili Bibi alivaa kitenge chake cha ibada, akachukua kitabu cha nyimbo. "Leo baki umlinde. Kesho ndiyo ya saba. Usifungue mlango mpaka nirudi, halafu tutakwenda wote konani kupiga simu. Umesikia, mama?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshaamua.

Sikutaka aende, hilo nataka lieleweke. Nilitaka aione njia, halafu achague kubaki. Niliona siyo haki mtu afunikwe uso, halafu aambiwe kwao ni hapa. Nikamweka kwenye tenga la ndizi, sweta langu chini yake, mkono mmoja juu ya mgongo wake unaotetemeka, nikafungua mlango, nikaurudisha nyuma yetu. Nikatembea polepole, na kila tulipopita nikamwambia. "Hii ni njia ya ng'ombe. Hili jiwe lina mwanya, hapo panakaa mjusi. Hii ni ndiva, maji ya mashamba, yanafunguliwa kwa zamu, usiyachezee. Hiki ni kisiki. Hapa panateleza." Niliongea njia nzima. Kwa dakika zile chache niliongea kuliko wiki tano zote, na sikutambua.

Kwenye Kona ya Mtandao niliinua tenga juu ya kifua. "Kule," nikamwambia. "Yale mabati. Ndiyo Maore. Umeona? Sasa unajua."

Akaangalia kweli. Naapa aliangalia. Na pale pale pikipiki ikatokea konani, dereva akapiga honi ndefu kama wanavyofanya wote, paka akanichana mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, akaruka, akaingia kwenye kahawa zilizo chini ya barabara. Nikamfuata. Nilipita shamba la kahawa, nikapita migomba, nikateleza kwenye mfereji, nikaita "Pusi! Pusi!" kwa sauti iliyonishtua mwenyewe. Hakuna. Nikawaza Jumanne, Mjomba na sumu yake, na paka huyu akila panya wa sumu kwenye shamba la mtu, afe peke yake mahali ambapo si kwao. Na kosa ni langu. Na bado kulikuwa na kitu kingine kinauma zaidi ya hilo: aliiona njia, akachagua kwenda.

Nikarudi barabarani. Kengele ya kanisa ilikuwa imeshapigwa zamani. Nikaiangalia barabara inayoshuka. Kutoka pale unaziona kona mbili, ya tatu inafichwa na mlima. Nikasema, kama yeye kaenda, na mimi niende. Nikashuka kona ya kwanza. Nikashuka ya pili. Kwenye ya tatu nikaona nyingine tatu chini yake, zimejikunja kama utumbo. Nikakaa kwenye jiwe la pembeni, sijui kwa muda gani. Damu ya mkononi ilikauka.

Nilisikia viatu kwanza. Bibi alikuwa akija mbio. Sikuwahi kumwona Bibi akikimbia, na sijamwona tena. Kitenge kimepandishwa, kitabu cha nyimbo kiko kwapani, kilemba kimefunguka kinamning'inia shingoni. Aliponiona alisimama, akashika magoti, akahema.

"Ulikuwa... unakwenda... wapi?"

"Paka amekimbia," nikasema.

Bibi akanitazama. Akakaa barabarani, chini kabisa, na kitenge chake cha ibada.

"Paka?" akasema. "Paka nimemkuta mlangoni kwetu, kakaa kama mwenye nyumba aliyesahau ufunguo. Ananilaumu kwa kuchelewa. Nikamfungulia, akaingia, akapanda darini. Paka yupo! Ni wewe usiyekuwepo. Nimezunguka shamba zima, nimechungulia kisima, nimechungulia ndiva..." Hakumaliza. Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko ikaingia kwikwi, sikuweza kujua kipi ni kipi.

Sijui kilichonigusa ni kicheko chake au ni kwikwi. Mdomo wangu ukafunguka.

"Mama alinifunika."

"Alikufunika nini?"

"Kanga. Kwenye gari. Akasema nisiangalie njia. Na wewe ukanipeleka jikoni. Hukunipeleka sebuleni. Ukanilisha makande kwa mkono."

Nilimwona Bibi akiyapanga yale maneno moja moja, kama anavyochambua maharage. Kisha akashika kichwa.

"Mungu wangu. Nani kakwambia hivyo?"

"Wewe. Jumanne."

"Njoo hapa. Njoo." Akanivuta kifuani, kitabu cha nyimbo kikanichoma mbavu. "Mwanangu, ulikuwa unatapika. Ulitapika mpaka dereva akataka kuwashusha. Anayezitazama hizi kona tumbo linapinduka, ndiyo maana mtoto anafunikwa, anashikiwa limau anuse. Mama yako mwenyewe, mtu mzima yule, mpaka leo anapanda mlima huu kajifunika. Mimi nilikupeleka jikoni kwa sababu ulikuwa unatetemeka na moto uko jikoni. Nikakulisha kwa sababu mikono yako ilimwaga. Ungelishwa na nani, na mchungaji?"

Tulipofika nyumbani, kabla hajafunga hata kilemba, aliifunua kalenda nyuma, ukurasa wa mwezi uliopita, ambao sikuwahi kuusoma ingawa nilikaa chini yake kila siku na kusoma najua. Akaweka kidole. Mjukuu kafika. Saa 9 alasiri. Katapika kona 14. Nikayasoma mara mbili. Kule juu, kwenye ukingo wa dari, mkia wa kijivu ulikuwa unaning'inia.

Kisha akaniambia mengine. Mama alikuwa mjini Same, hospitali, amelazwa. Alikuwa na mimba, na mbili za kabla ya hiyo ziliharibika, safari hii daktari akamwambia asiinuke mpaka ajifungue. "Mambo ya tumbo mtoto haambiwi kabla ya wakati," Bibi akasema. "Ndivyo tulivyolelewa, na mimi nikadhani nakukinga. Nimekosea. Kila Jumapili ananiuliza, mwanangu kasema nini? Nami namwambia, anakusalimia. Namdanganya mgonjwa, na nimetoka ibadani."

Akamshusha paka, akanikalisha naye karibu na moto, akaniosha mkono kwa maji ya chumvi. Yalichoma sana. Nilipomweleza jinsi nilivyombeba paka uso wazi, nikimwonyesha jiwe, ndiva na kisiki, alitikisa kichwa muda mrefu.

"Basi umenivunjia mila ya bibi yangu," akasema. "Ila ungembeba kwenye gunia, leo asingejua pa kurudia."

Sijui kama alijua ukubwa wa maneno hayo, au alikuwa anaongea na paka tu. Mimi nimeyabeba. Shuleni ninapokaa kimya na watu wakadhani najivuna, huwa nayakumbuka, na siku nyingine yananisaidia kufungua mdomo. Siyo kila siku.

Mambo mengine yalijipanga polepole. Mjomba alipanda Jumanne na kifuko cheusi, Bibi akamwonyesha mikia mitatu iliyopangwa juu ya jiwe kama vielelezo vya mahakamani, naye akakirudisha kifuko chake Maore. Mdogo wangu alizaliwa kabla ya mavuno, mzima, sauti kama honi ya pikipiki, na Mama akaja naye mlimani, kajifunika kanga kichwani, limau mkononi, uso umepauka. Nilimcheka hadi nikakaa chini. Sasa huyo mdogo wangu ndiye anayemvuta mkia paka mzee asiyetaka tena kuwinda, anayelala juu ya mafiga yakiwa na joto, na hakuna anayemfukuza. Huwa namtazama nikashukuru. Nashukuru alirudi mlangoni kabla yangu. Bibi asingemkuta pale asingeshtuka, angedhani nimelala, na mimi ningefika kona ya ngapi?

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na Jumatatu.

Siku ya saba. Niliamka kabla sijaitwa. Jikoni Bibi alikuwa amewasha moto, akaniuliza paka tumwite nani, maana siku yake imefika na mimi ndiye niliyekaa naye. Nikasema, "Kona." Bibi akasema hilo si jina la paka. Nikasema ndilo. Akasema, haya, Kona, akamlisha makande kwa mkono. Nikaomba simu. Hakuuliza ya nini. Alinifungia kanga mabegani kwa sababu ya ukungu, akabaki mlangoni, akaniacha niende peke yangu.

Nikapita jiwe la mjusi, nikapita ndiva, nikapita kisiki. Konani tambarare haikuonekana, ilikuwa nyeupe yote. Nikabonyeza kama nilivyomwona Bibi akifanya, nikasubiri.

"Mama? Shikamoo, Mama."

Nikadhani mtandao umekatika. Nikaogopa, nikasema haraka lile nililoliandaa njia nzima:

"Eti siku ile nilitapika kona ngapi?"

Nikasikia akivuta pumzi, na mtu mwingine wodini akimwuliza kulikoni. "Kumi na tatu," akasema, sauti imelowa. "Bibi yako kakwambia ngapi?"

"Kumi na nne."

"Kaongeza. Ya mwisho ulikuwa umeshalala, mwanangu. Nilikuwa nakutazama."

Niliporudi, kabla ya kuvaa sare, nilipanda kwenye kigoda, nikaufunua ule ukurasa wa nyuma, nikalowesha kidole kwa mate nikaifuta 14 mpaka karatasi ikawa nyepesi. Nikaandika 13. Kisha nikarudi mbele, kwenye Jumatatu, nikaandika kwa herufi kubwa zilizotoka nje ya kisanduku chake: Paka anaitwa Kona. Nimeongea na Mama. Saa 12:40 asubuhi.